Kitambaa Juu ya Seva

Sebuleni kwa Mzee Huseni, hapa Kilwa Masoko, kuna friji ambalo halijawahi kupoza hata maji ya kunywa. Alilinunua wakati nyumba yake haina waya wa umeme hata mmoja, akaliweka katikati ya sebule, mlango ukitazama barabarani, na ndani yake mkewe akapanga vikombe vya wageni na kanga mpya. Juu yake, wakati ule, kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma na maua ya plastiki. Ukiingia lazima ulione, na usipolisemea neno mwenyewe atalisemea. Umeme ulipofika hatimaye, friji lilichomekwa siku hiyo hiyo, likatoa mlio, likanyamaza. Vikombe vikarudi mahali pake. Naanza na friji kwa sababu mtu huyu wote yumo mle ndani.

Zamani alikuwa karani wa mizani Kiswere. Enzi hizo korosho ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, chama cha ushirika, na chama kilikuwa na mizani moja, na mizani ilikuwa na Huseni. Wakulima walimwamkia kabla hawajatua magunia. Halafu likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao na mizani zao za kuning'iniza, wakaleta bei yao na udanganyifu wao, na mizani ya Huseni ikabaki inapima vumbi. Wenzake walirudi shambani. Yeye akaenda semina.

Semina za miaka ile zilichipuka kama uyoga! Semina ya wadau, semina ya uwezeshaji, semina ya kuandaa semina. Huseni alihudhuria zote, akarudi na mikoba ya bure yenye maandishi ubavuni, na maneno mapya mdomoni. Neno "mchakato" alilipenda kuliko wajukuu zake. Na kwa kuwa katika nchi hii mtu mwenye maneno hakosi cheo, akachaguliwa katibu wa Umoja wa Wakulima wa Mwani, mtu ambaye hajawahi kulowesha goti kwa ajili ya mwani. Mwani alilima mkewe, Bi Mboni, mzaliwa wa Songo Mnara, yeye na dada zake, wakifunga vipando kwenye kamba maji yakitoka, migongo imepinda, miguu inachomwa na chumvi.

Mimi nilikuwa mchapaji wa Umoja huo. Jina langu Consolata, Mmakonde wa juu huko, niliyeletwa pwani na taipureta. Nilimwona Huseni kila siku ya kazi kwa miaka mingi, na sijifanyi kuwa nilimpenda.

Basi ikatokea bahati. Wakala wa pale mjini alikuwa ananunua mwani kwa bei ya kumtukana mtu, na hakukuwa na mwingine. Mwaka huo akajitokeza mnunuzi wa ng'ambo aliyetaka kununua moja kwa moja kwa wakulima, kwa bei ambayo wanawake walipotajiwa walinyamaza kwanza, wakadhani wamesikia vibaya. Alikuwa na sharti moja. Mambo yake yote yalikwenda kwa barua za kompyuta. Atatuma barua ya kusema anataka mwani kiasi gani na meli inakuja lini, na jibu alitaka ndani ya wiki ile ile, la sivyo anakwenda kwa wengine. Wanawake wakaacha kumwuzia wakala. Wakaukausha mwani, wakaujaza maghalani, wakangoja. Bi Mboni alijaza ghala mpaka mlango haufungi. Alikuwa na jambo lake: nyumba ya mama yake kule kisiwani ilikuwa inavuja, na aliapa masika ijayo mama hatalala tena na sufuria pembeni ya kitanda. Mwani ule ulikuwa bati.

Wafadhili wakatoa fedha tuwe na seva yetu, kompyuta ya kupokea barua za ofisi na za matawi yetu yote, ipige simu Dar asubuhi na jioni, ichukue zilizokuja na kupeleka zinazokwenda. Wakatuletea na fundi, Ismaili, kijana wa Dar mwenye majivuno na mdomo usiotulia. Kamati ikakaa kuchagua mashine.

"Mzee, barua ni maneno tu," Ismaili alimwambia Huseni. "Mna masanduku ya barua hayafiki hata thelathini. Kazi hiyo haitaki mbio. Prosesa ya kawaida inatosha, na kioo hata kiwe kidogo, nani atakaa kukitazama? Ila kumbukumbu msiibanie, na diski ziwe mbili, kila barua iandikwe huku na huku. Moja ikifa, nyingine ipo. Halafu huu umeme wenu wa jenereta unaoruka ruka, bila betri nzuri ya akiba mtaiua mashine mapema tu."

"Diski mbili za nini?" Huseni aliuliza. "Binadamu mwenyewe kaumbwa na moyo mmoja, na anafika miaka sabini."

Kamati ilicheka. Kamati ile ilicheka kila Huseni alipofungua mdomo, maana ndiye aliyeandika majina ya watu wa kwenda semina.

Akatoa karatasi ya duka moja la Dar, ya rangi. Palikuwa na picha ya jimashine refu jeusi lenye taa mbele, kioo kipana, na spika mbili. Prosesa yake ilikuwa ya kukimbizia sinema. Ismaili akasema hilo ni la vijana wa kucheza michezo. Huseni akasema hilo ndilo. Na ili fedha za wafadhili zilifikie, ikabidi vitu fulani viondolewe. Vilivyoondolewa ni diski ya pili na betri. Spika zilibaki.

"Mzee Huseni," nilimwuliza, "barua nazo zitapiga ngoma?"

"Binti, wewe chapa," akanijibu. Kisha akamgeukia Ismaili na kusema lililokuwa moyoni mwake tangu asubuhi. "Kijana, siku ya uzinduzi mgeni rasmi akija, nimwonyeshe nini? Betri?"

Ismaili alinitazama, nikamtazama. Kuna ujinga ambao ukiubishia unaonekana wewe ndiye mkorofi. Aliinua mabega akaandika walichotaka.

Jimashine likaja, limefungwa nailoni kuanzia kichwa mpaka miguu. Huseni akaamuru liwekwe mapokezi, mbele ya dirisha, ambako jua la asubuhi linalipiga na wapita njia wanaliona. Ismaili alipotaka kulivua nailoni, Huseni alimshika mkono. Kitu kipya hakivuliwi kabla ya mgeni rasmi! Atajuaje kuwa ni kipya? Kwa hiyo seva ikawashwa na nailoni yake. Kesho yake Huseni akaja na kitambaa.

Kitambaa hicho sikicheki. Bi Mboni alikifuma kwa mkono wake, uzi mweupe, maua ya waridi pembeni, na kilikuwa kizuri kuliko kitu chochote mle ofisini. Aliambiwa mashine hiyo ndiyo itakayoleta barua ya mnunuzi, na kwetu kitu unachokiheshimu unakifunika. Redio, televisheni, hata mtungi wa maji una kitambaa chake. Angejuaje yeye kwamba mashine inapumua? Aliyejua alikuwa mumewe, maana Ismaili alimwambia mbele yangu, kwa Kiswahili, kwamba matundu yale nyuma ni pua. Huseni akakitandaza juu ya nailoni, kikaning'inia mpaka nyuma, akaweka juu yake maua ya plastiki. Kila Ismaili alipokitoa, Huseni alikirudisha.

Joto la Kilwa mnalijua. Umeme wetu nao ukawa unaruka kama kawaida yake, unazima, unarudi kwa nguvu, unazima. Asubuhi moja nikafungua mlango nikakuta harufu ya pasi iliyosahauliwa kwenye nguo. Nikaenda kumwamsha Ismaili gesti. Alikuja, akaweka kiganja juu ya jimashine, akakiondoa haraka.

"Imeiva, sista Konso," alisema. "Lete unga tuchome chapati."

Diski ilikuwa imekufa. Moja, ile ile yenye moyo wa binadamu. Nyingine ilibidi iagizwe Dar, na barabara ya Rufiji wakati wa mvua hakuna aliyejua italeta lini. Na kadi za uzinduzi zilikuwa zimeshagawiwa mpaka kwa mkuu wa shule ya Pande.

Ismaili akafanya alichoweza. Kulikuwa na kompyuta kuukuu niliyokuwa nachapia, masalio ya mradi mwingine uliokufa. Ilikuwa imegeuka rangi ya jino la mvuta tumbaku, mfuniko wake umepotea, feni inakoroma. Hakuna aliyewahi kuifunika kwa sababu hakuna aliyeionea fahari, na kwa hiyo ilikuwa hai. Umeme ukikatika ililala, ukirudi iliamka. Ismaili akaiongezea kumbukumbu aliyoitoa kwenye lile maiti, akapanga barua zote humo, akaisukuma chini ya meza, na kwa waya mrefu akaiunganisha na kile kioo kipana. Ukikaa mapokezi ungeapa kuwa barua zinatoka kwenye jimashine jeusi lenye kitambaa.

"Hii sasa ndiyo seva yenu," alituambia, mimi na Huseni, kabla hajapanda basi. "Lile ni pambo. Mtu asiiguse hii."

Nilimwambia Huseni aiambie kamati ukweli mapema. Mficha uchi hazai.

"Ukweli una mchakato wake, Consolata," alisema.

Siku ya uzinduzi lilifungwa turubai, vikapangwa viti, ngoma ikapigwa. Wanawake wa Songo Mnara walivuka alfajiri, na Bi Mboni alikaa mstari wa mbele, amevaa kanga zile za kwenye friji. Mgeni rasmi alikuwa mkubwa mmoja wa wilaya, mwenye tumbo la kutosha na hotuba ya kutosha. Hotuba ilipokwisha tukaingia mapokezi, akainua kitambaa, akavua nailoni kwa mkono wake mwenyewe, watu wakapiga vigelegele kana kwamba bibi harusi anafunuliwa. Akabonyeza kitufe, na kwenye kioo ikatokea barua ya pongezi ambayo Ismaili aliituma kutoka Dar. Huseni alinyoosha shingo. Naapa alirefuka. Tangu aiache mizani sikuwahi kumwona amesimama hivyo.

Hapo ndipo kompyuta kuukuu ilipokoroma.

Mgeni rasmi akainama kuchungulia chini ya meza. "Na hili kapi ni la nini?"

Kama Huseni angesema neno moja tu pale, ningeandika habari nyingine. Lakini alimtazama mkubwa, akawatazama watu, akalitazama jimashine lake.

"Hilo ni la zamani, mheshimiwa. Tulikuwa tunachapia barua. Sasa halina kazi."

"Basi lisikae bure. Mwalimu mkuu wa Pande si huyu hapa? Wapeni watoto wetu waingie kwenye sayansi na teknolojia!"

Makofi. Mkuu wa shule akasimama na kuinamisha kichwa. Shule yake haikuwa na umeme, lakini hilo halikuwa la kusemwa siku ya furaha.

Nilisogea kwa Huseni, nikamnong'oneza, "Mzee, barua ya mnunuzi inakuja wiki hii. Itaingilia wapi?"

"Consolata," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "wageni wana kiu. Leta soda."

Niliporudi na kreti kiunoni, kompyuta kuukuu ilikuwa imeshachomolewa, iko mikononi mwa mkuu wa shule, wanapigwa picha. Kioo kipana kilikuwa cheusi.

"Umeme huu!" Huseni alikuwa anamwambia mgeni rasmi, akitikisa kichwa. "Umekatika tena, mheshimiwa."

Wote wakatikisa vichwa naye. Pangaboi juu yao lilikuwa linazunguka, linawapepea, na hakuna aliyeinua macho.

Wiki ile ndiyo niliyomdharau kabisa. Siku ya kwanza nilimwambia atume mtu Pande, kompyuta irudishwe, tuombe radhi yaishe. Akasema haiwezekani, itakuwa kumwaibisha mheshimiwa. Nikasema basi tupige simu Dar, Ismaili atufungulie sanduku letu kule kule. Akasema simu ya ofisi inangoja diski mpya, isitumike ovyo. Kwa lugha nyepesi, hakutaka mtu yeyote nje ya chumba kile ajue. Bi Mboni alikuwa akipita ofisini akitoka sokoni, anasimama mlangoni.

"Baba Sauda, barua haijaja?"

"Inakuja, Mama Sauda. Mtandao ni mzito wiki hii."

Akamwambia hivyo mkewe, macho makavu, na yule mama akajibu "Inshallah" akaenda zake. Nilitamani kumpiga na taipureta.

Siku ya tano nikapanda lori la chumvi mpaka Pande, kwa akili yangu mwenyewe. Mkuu wa shule alinipokea vizuri, akanifungulia stoo. Kompyuta ilikuwa juu ya meza ya pekee. Walikuwa wameitafutia nailoni wakaifunga upya. Juu yake palikuwa na kitambaa, na juu ya kitambaa maua.

"Tunangoja umeme," mwalimu alisema, "kisha tutamwita mheshimiwa aje kuzindua."

Nilimsihi anipe. Akasema ni mali ya shule sasa, mpaka aone barua ya katibu. Barua ya katibu! Nikarudi na lori lile lile, nguo zimejaa chumvi.

Nilipofika mjini nilipitiliza posta, nikapiga simu Dar. Ismaili akafungua sanduku letu kule yalikokuwa yamelala mambo yote, akanisomea, nami nikaandika kwenye bahasha. Barua ya kwanza ya mnunuzi iliingia kesho yake baada ya uzinduzi. Alitaka mwani wote. Wote, na siku ya meli ametaja. Ya pili aliuliza kama tumepata ya kwanza. Ya tatu ilikuwa ya asubuhi ile ile. Alitushukuru, akasema amewapata wengine.

Nikaingia ofisini na bahasha yangu. Huseni alikuwa na kamati, na wanawake wa Songo Mnara walikuwa wamekuja na Bi Mboni kuulizia. Sikumwomba ruhusa. Nilisoma zote tatu kwa sauti, kisha nikaeleza zilikuwa wapi, na kwa nini. Nilieleza kuhusu nailoni, diski, kapi lililokwenda Pande. Kamati haikucheka.

Huseni alikohoa. "Ndugu wajumbe, katika mchakato wa mtandao kuna changamoto..."

"Baba Sauda," mkewe akamkatiza, taratibu. "Hili hapa, hili nililolifumia kitambaa, halikuwa linafanya kazi?"

"Lilikuwa... lilikuwa linangoja diski."

"Tangu lini?"

Huseni akakitazama kitambaa. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini kipande cha mti angalau unakipikia.

Bi Mboni hakupiga kelele, na mimi niliyekuwa nimejiandaa kwa ugomvi nilijikuta nimeinamisha kichwa. Mwani wake alikuja kuuuza kwa wakala yule yule, ambaye alikuwa amesikia habari na akashusha bei zaidi, na masika ile mama yake alilala na sufuria. Lakini siku hiyo alikwenda tu mpaka kwenye jimashine lililo dirishani, akainua maua ya plastiki akampa mumewe ashike. Akakivuta kitambaa, akakikung'uta vumbi, akakikunja mara mbili kwenye kifua chake.

"Nilifuma hiki," alisema, "nikidhani nafunika kitu."

Akatoka, na wenzake wakamfuata. Mzee Huseni alibaki katikati ya ofisi na maua yake mkononi, akitafuta pa kuyaweka.